Pikapu ya Mahari

Kimali, Meatu
2 Juni 2024

Mume wangu Mihayo,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na mama mzima. Goti lake lilikuwa haliumi kiasi cha kuniita kutoka Lamadi. Niliitwa kwa jambo lingine, na nilipofika nikalikuta limekaa linanisubiri.

Ni ile pikapu uliyomtolea baba mahari badala ya ng'ombe. Inakufa. Asubuhi inakohoa, ikiwaka inatetemeka na kutoa moshi wa bluu, na juzi stata ilizunguka mpaka betri ikaisha. Baba mdogo Maige, yule aliyezunguka mbele ya pikapu siku ya mahari akisema anatafuta meno ajue umri wake, ameitisha ndugu. Anasema ng'ombe wa mahari akifa kabla hajazaa, aliyemtoa analeta mwingine, na pikapu hii haijazaa kitu. Pamba ikishauzwa wazee watakaa. Kama haijapona, itauzwa chuma chakavu, nawe utatakiwa ulete ng'ombe kamili kama waoaji wengine. Mpaka uwalete, mimi nabaki hapa, na wewe usikanyage mpaka uitwe.

Baba alikaa kimya muda wote. Hilo ndilo limeniuma kuliko maneno ya Maige.

Ng'ombe huna, najua. Hata yule kuku wa uani ni wa jirani. Lakini injini ile uliiunda wewe mwenyewe, kwa hiyo niambie nifanye nini, mikono ninayo.

Usipige simu. Yangu ilivunjika kioo kwenye basi, na ya nyumbani anaishika baba mdogo, anaipokea kwa spika ili kijiji kizima kifaidi. Andika, umpe Mudathiri anayeleta dagaa mnadani.

Mkeo,
Nyamizi


Lamadi
6 Juni 2024

Nyamizi mke wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, halafu nikatupa spana. Imegonga pipa la jirani na tumegombana, kwa hiyo sasa nina ugomvi sehemu mbili.

Injini ile niliifungua mpaka nati ya mwisho. Ringi mpya, beringi mpya, kila kitu. Haiwezi kuchoka kwa miaka miwili isipokuwa imeteswa. Niambie ukweli, baba amebebea pamba kiasi gani? Nawajua watu wa huko. Wakipata gari wanapakia mpaka springi zinalala, likichoka wanasema fundi wa Lamadi kawapa debe.

Haya, tuache. Sikiliza. Injini ya petroli inaishi kwa kubana. Pistoni ikipanda inabana hewa na petroli ndani ya silinda mpaka vinapata hasira, ndipo plagi inapiga cheche. Kukiwa na mahali panapovuja, hasira hakuna, na bila hasira gari haliendi. Huko kubana ndiko mafundi tunakoita kompresheni. Inaweza kuvuja pembeni mwa pistoni kwenye zile pete zake, ringi, au juu kwenye valvu, au kwenye gasketi. Kujua inavujia wapi ndiyo kazi yenyewe.

Toa plagi zote nne. Chomoa ule waya mnene wa koili usije ukapigwa shoti, na mtu asisogeze moto. Mwambie mtu apige stata, wewe ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, moja baada ya jingine. Silinda nzima itakisukuma kidole chako kwa dharau. Iliyochoka itakipulizia tu. Niandikie ulichokisikia.

Nyumba imekaa vibaya bila wewe. Napika ugali unatoka kama plasta.

Mumeo,
Mihayo


Kimali
11 Juni 2024

Mume wangu mwenye hasira kuliko petroli,

Kwanza, baba yangu si mtesaji. Ukitaka kumtukana, mtukane mwenyewe usoni, usinitume mimi nikubebee.

Pikapu unayosema imebebeshwa pamba iko chini ya banda la nyasi alilolijenga baba kwa mikono yake, kabla hajaezeka jiko la mama, na mama hajamsamehe mpaka leo. Anaifuta vumbi kila siku. Haina hata mkwaruzo. Tairi bado zina vile vinywele vya mpira kama zilivyotoka dukani. Anaiita Kijivu, kama anavyowaita ng'ombe wake kwa rangi zao. Mtu wa hivyo utamwambia nini?

Sasa kazi. Nilitoa plagi, baba akapanda kwenye usukani kupiga stata, maana ufunguo hauachii. Baba mdogo akaja kusema binti hagusi mali ya mahari yake, eti ni mila. Mama akamuuliza mila hiyo ameitoa wapi, yeye kazeeka humu na hajawahi kuisikia. Baba mdogo akasema ana kiu, akaondoka.

Silinda zote zimelegea, Mihayo. Ya kwanza na ya pili zinasukuma kidogo. Ya tatu na ya nne zinapuliza kama mtoto anayepoza uji. Ni mbaya sana?

Mikono ilinuka petroli mpaka nikala kwa kijiko. Lakini nilifurahi, nakwambia kweli. Nilijiona niko gereji kwetu.

Mkeo,
Nyamizi


Lamadi
14 Juni 2024

Nyamizi,

Nimechapwa na nimesikia. Sitamsema tena baba mpaka nijue ninachosema.

Kidole kinasema kuna ugonjwa, lakini hakisemi kiasi gani. Nimempa Mudathiri geji yangu ya kupimia kompresheni, ile yenye mshale, ameifunga ndani ya kanga isinuke dagaa. Ifunge kwenye tundu la plagi, mpige stata mpaka mshale usimame. Jambo moja usilisahau: anayepiga stata akanyage pedali ya mafuta mpaka chini na asiachie. Usipofanya hivyo injini haivuti hewa ya kutosha, na geji itakudanganya kwamba silinda zote zimekufa.

Silinda itakayosoma chini, mimina ndani kijiko kimoja cha oili, upime tena. Unaikumbuka pampu ya baiskeli, ile ngozi yake ikikauka? Unapampu mpaka jasho na upepo hauendi. Ukiitia oili kidogo inabana tena. Ni hivyo hivyo. Mshale ukipanda baada ya oili, ubovu uko kwenye ringi. Usipopanda, ni valvu au gasketi, na hapo tutakuwa na shughuli kubwa.

Halafu nina swali. Tairi zile nilizifunga palepale uani kwenu siku ya mahari, ili pikapu ing'ae mbele ya wageni. Vile vinywele vya pembeni hukaa sana, lakini vya katikati, panapokanyaga barabara, huisha siku za mwanzo tu. Angalia vya katikati. Usimuulize mtu, angalia mwenyewe.

Mumeo,
Mihayo


Kimali
19 Juni 2024

Mume wangu,

Nina mengi, naanza na yaliyonishtua.

Nilifunga geji nikamwambia baba akanyage pedali ya mafuta mpaka chini. Akasema amekanyaga. Akapiga stata, na silinda zote zikasoma chini kabisa, hata zile mbili zenye nafuu. Baba mdogo akapiga makofi, akasema amemwona mnunuzi wa chuma chakavu mjini Mwanhuzi na yuko tayari. Nikasogea dirishani kumwambia baba pole, nikatazama chini, nikaona mguu wake. Ulikuwa juu ya klachi, ameikandamiza kwa nguvu zake zote, na jasho linamtoka.

Nikachukua tofali, nikamwambia baba kwamba fundi kaagiza tofali, mguu wa mtu unachoka. Nikaliweka mwenyewe juu ya pedali ya mafuta. Akashukuru. Alipopiga stata tena, ya kwanza na ya pili zikapanda mpaka mia na arobaini. Ya tatu na ya nne zikaishia themanini. Nikazitia oili, kijiko kimoja kimoja, na zote mbili zikapanda zikapita mia na ishirini. Nilipima mara mbili kwa sababu sikuamini.

Vinywele vya katikati vipo. Tairi zote nne. Nililala chini ya gari kama mtu aliyepoteza hereni.

Nikamuuliza mama kwa kumzungusha. Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia ng'ombe, baba anawasha Kijivu, anaiacha ingurume mpaka amalize kupiga mswaki, anaizima. Anasema isilale sana ikasahau kazi. Ni hivyo kila siku tangu uilete, na haijatoka nje ya ua hata mara moja. Watu wakimwomba awapeleke mnadani anawaambia gari la mahari haliendi ovyo, na wote wanadhani anaitunza.

Mihayo, baba hajui kuendesha.

Nyamizi


Lamadi
22 Juni 2024

Mke wangu,

Siku ya mahari nilimwonyesha klachi na ufunguo, watu wakaita chakula, nikadhani mengine anayajua. Mzee mwenye heshima zile, nani angemuuliza? Na mimi niliyeandika habari za pamba, yafute maneno yale, au yachome kabisa.

Sasa nimeelewa. Injini ikiwa ya baridi inakunywa petroli nyingi kuliko inayoweza kuunguza. Inayobaki inageuka masizi. Gari likitembea, injini inapata moto na masizi yanaungua. Lakini Kijivu inaamshwa, inakunywa, inazimwa ikiwa bado baridi, kila siku ya Mungu. Ringi zake hazijachoka, Nyamizi. Zimegandiana na masizi ndani ya mifereji yake, hazitanuki tena kubana. Mzee ameiharibu kwa kuipenda. Mahali pengine ningecheka.

Dawa iko kwenye chupa aliyobeba Mudathiri, ni dizeli na oili. Toa plagi, mimina kidogo silinda ya tatu na ya nne, iache inywe. Kesho yake ongeza, iache tena. Halafu, plagi zikiwa bado nje, piga stata ili iliyobaki itoke, na mtu yeyote asisimame mbele ya matundu maana itaruka. Badilisha oili yote ya injini. Kisha rudisha plagi, washa. Moshi utakuwa mwingi, msiogope.

Hiyo ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni safari. Siyo kuzunguka ua. Barabara ndefu, mlimani, ikanyagwe, injini ipate moto mpaka ijisafishe. Bila safari zitaganda tena na Maige atapata chuma chake.

Wewe unajua kuendesha, nilikufundisha mwenyewe. Lakini nakuomba jambo moja. Usimwaibishe baba. Kama hakuna njia ya kuiponya hii pikapu ila kutangaza mbele ya watu kwamba mzee hajui kuendesha, basi iache ife. Mimi nitatafuta ng'ombe, hata ikinichukua miaka. Nitakusubiri nikiwatafuta. Nimeandika hayo, lakini sitaki kukusubiri hata wiki.

Mumeo,
Mihayo


Kimali
30 Juni 2024

Mume wangu,

Dawa imefanya kazi, na baba mdogo Maige ni shahidi, kwa sababu amevaa nusu yake. Nilimwambia asisimame pale. Akasema mimi ni nani wa kumwambia mahali pa kusimama kwenye ua wa kaka yake, akainama kuchungulia tundu la tatu. Baba akapiga stata. Shati lilikuwa jeupe, la kwendea kanisani. Mama ilibidi aingie ndani acheke huko.

Tulipowasha, moshi ulifunika banda, kuku wakakimbilia kwa jirani. Halafu ukapungua, na Kijivu ikatulia, haitetemeki kama zamani. Nimepima: ya tatu imefika mia na kumi, ya nne imeizidi kidogo. Inataka barabara tu, kama ulivyosema.

Na barabara ndiyo imekuwa kesi. Pamba imeuzwa, wazee wanakaa kesho kutwa, na mnunuzi wa chuma ameitwa siku hiyo hiyo. Niliomba niitoe nikaitembeze. Baba mdogo akasema binti haendeshi mahari yake, na safari hii mama hakuwepo wa kumjibu. Akasema kama kweli gari ni zima, basi mwenye mali mwenyewe, kaka yake, aliendeshe mbele ya wazee mpaka barabara kuu na arudi. Watu wakasema hilo ni neno la haki. Baba akasema, "Sawa." Jioni hakugusa chakula.

Nimenyamaza kama ulivyoniomba. Ni kazi ngumu kuliko zote ulizonipa, geji ilikuwa rahisi. Namwona anakwenda bandani, anakaa kwenye usukani bila kuwasha, anaangalia miguu yake. Nataka kumwambia najua, nashindwa. Begi langu nimeshalifunga lakini sijui kama nitalifungulia humu humu.

Naogopa, Mihayo. Niombee.

Mkeo,
Nyamizi


Bariadi
3 Julai 2024

Kwa mkwe wangu Mihayo,

Mwangaluka. Mimi ni mzee Ngeleja, baba wa mkeo. Naandika mwenyewe, mwandiko uuvumilie. Niko hapa Bariadi nimekaa kwa mama mmoja anayeuza chai, na binti yangu yuko ng'ambo ya barabara anatia petroli. Kuna maneno mkwe hawezi kumwambia mkwe wake usoni, ndiyo maana nimeomba karatasi.

Jana wazee walikaa. Mnunuzi wa chuma alikuwa amekaa na mizani yake. Maige akanipa ishara nipande gari. Nikasimama, nikaenda mpaka mlangoni, nikashika kitasa. Nikamwona Nyamizi amesimama karibu na mama yake. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, nikajua anajua, na kwamba amekubali kumpoteza mume wake kuliko kunisema. Hapo nikaona mimi ni mtu mzima wa bure kabisa.

Nikageuka nikawaambia wote, "Sijui kuendesha. Sijawahi kujua."

Aliyeanza kucheka ni mke wangu, na wengine wakamfuata, hata mimi nikacheka, nikaona kifua kimekuwa chepesi. Kumbe nilikuwa nimebeba mzigo huo miaka yote miwili kwa sababu ya kicheko ambacho hakikuuma.

Halafu nikawauliza swali wazee. Ng'ombe nimfungie zizini, nimpe maji kila asubuhi, nisimpeleke malishoni hata siku moja, akikonda nikamdai aliyenipa? Maige alitaka kusema, akajiangalia shati, akaacha. Basi wazee wakasema mahari imesimama na kikao kimekwisha. Yule wa chuma alikula ugali akaenda zake.

Nikamfungulia Nyamizi mlango wa dereva mbele ya watu. Nikakaa pembeni yake. Tumetoka alfajiri. Alipoingiza gia nikashika dashibodi kwa mikono miwili, sikufichi. Mlima wa kwanza Kijivu ilitoa moshi mpaka nikadhani tumeiua. Mlima wa pili moshi ukawa mwembamba. Baada ya Mwanhuzi sauti yake ikabadilika, mimi nimeisikiliza sauti ile kila asubuhi na sikuwahi kuisikia hivyo. Ilikuwa inavuta. Nyamizi akanitazama akasema, "Baba, hiyo ndiyo kompresheni." Nilifurahi mpaka nikageuzia uso dirishani.

Maige yuko nyuma kwenye bodi, ameshika jogoo wako wa kukuomba radhi. Anasema amekuja kuhakikisha gari linafika. Tulipopita watu barabarani nilimwona anapunga mkono kama ndiye mwenye gari. Mwache hivyo hivyo.

Sasa ombi langu. Mkeo nakurudishia. Lakini mimi sirudi Kimali leo wala wiki hii. Nimesikia gereji yako inatazamana na uwanja wa mpira, Nyamizi kaniambia. Unifundishe pale, asubuhi watoto wakiwa shule, pedali zote tatu. Nitakapojua, nitairudisha Kijivu mwenyewe, na nitampakia kila aliyeniomba lifti ya mnadani nikamkatalia. Wewe usitafute ng'ombe. Wabeja sana, mkwilima wangu, asante sana mkwe wangu. Hayo nilipaswa kuyasema siku ya kwanza Maige alipoitisha ndugu, nami nikakaa kimya.

Barua hii hatukumpa Mudathiri. Nitakukabidhi kwa mkono wangu, kupitia dirisha la gari. Unapoisoma hapa mwisho injini bado inanguruma, maana nimemkataza Nyamizi asiizime mpaka uje uweke sikio.

Mimi baba yako,
Ngeleja